Fidia ya Kuondoa Utumwa: Nani Alilipwa, Nani Aliachwa

Yafuatayo ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Buzuruga, Mwanza. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa kuwa jambo lenyewe linavihusu Visiwa na Bara kwa pamoja.

Ndugu watumishi wa Serikali, ndugu wananchi,

Pindi barabara inapopanuliwa au bomba la maji linapopitishwa katika makaazi ya watu, suali la mwanzo linaloulizwa na wahusika ni hili: nani mwenye mali, na mali yake ina thamani gani? Suali hilo ni la haki, na lazima liulizwe. Hata hivyo, historia ya Zanzibar inaonyesha kuwa suali hilo, likiulizwa peke yake, laweza kumlipa aliyedhulumu na kumsahau aliyedhulumiwa.

Mnamo tarehe 6 Aprili, 1897, Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na amri hiyo ilitolewa kwa msukumo wa Waingereza. Wengi hudhani kuwa siku ile kila mtumwa alikuwa huru. Sivyo ilivyokuwa. Amri ilisema tu kwamba mahakama hazitaitambua tena haki ya mtu kummiliki mtu mwenziwe. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mbele ya mahakama ya wilaya na kuuomba. Akikubaliwa, uhuru wake ulitambuliwa rasmi.

Mwenye mtumwa naye hakusahauliwa. Akithibitisha kuwa alimmiliki mtumwa huyo kwa mujibu wa sheria iliyokuwepo, alistahiki kulipwa fidia ya fedha na Serikali. Waliotunga amri walifikiri hata juu ya madeni yake, wakaweka sharti kuhusu wadai na fedha hiyo ya fidia. Hivyo bwana, mali yake na wadai wake wote walipata nafasi katika maandishi ya amri.

Je, aliyeachwa huru aliandikiwa nini? Aliandikiwa wajibu. Alitakiwa alipe kodi kama raia wengine. Alitakiwa aonyeshe kuwa ana makaazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Na iwapo anakaa katika shamba la mtu, alitakiwa amlipe mwenye shamba kwa fedha, kwa mazao au kwa kazi. Kwa kuwa watumwa wa mashamba hawakuwa na ardhi yao, wengi walibaki pale pale chini ya mikarafuu, wakimfanyia kazi bwana yule yule kwa siku kadhaa za wiki ili wapate ruhusa ya kukaa na kulima muhogo wao.

Aidha, masuria hawakuingizwa katika uhuru huo. Walihesabiwa kuwa ni watu wa ndani ya nyumba, mfano wa wake, na hawakuweza kutoka ila kwa kuthibitisha ukatili. Ilibidi wangoje hadi amri nyengine ya mwaka 1909. Amri hiyo ndiyo pia iliyoweka ukomo wa fidia, ambao ni mwisho wa mwaka 1911.

Ni insafu kueleza hoja za waliounga mkono malipo hayo. Sir Arthur Hardinge, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, na Sir Lloyd Mathews, Waziri wa Kwanza wa Sultani, waliogopa kuwa uhuru wa ghafla ungeliangusha zao la karafuu, ambalo ndilo lililoijaza hazina, na ungeliwafanya wenye mashamba waichukie Serikali. Kulikuwa pia na hoja ya dini. Katika Uislamu, kumwacha huru mtumwa ni jambo lenye thawabu kubwa na ni kafara ya baadhi ya makosa. Na mtumwa aweza kuandikiana na bwana wake ili ajikomboe kwa malipo. Basi wako waliouona uhuru uliotolewa na mahakama bila ya ridhaa ya bwana kuwa una kasoro, na miongoni mwao walikuwamo watumwa wenyewe. Fidia ilituliza nyoyo: bwana amelipwa, hana dai tena.

Lakini hoja hizo hazikujibu kila jambo. Kwa mkataba wa tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash alikwisha kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko la watumwa mjini Unguja. Na mwaka 1876 alikataza misafara ya watumwa kutoka bara. Wapinzani wa utumwa huko Uingereza waliuliza: ikiwa mtu aliletwa Unguja au Pemba baada ya hapo, aliletwa kwa magendo, vipi basi Serikali imlipe mtu thamani ya mali ya magendo?

Uingereza yenyewe ilikuwa imepita njia hiyo. Sheria ya mwaka 1833 ya kuondoa utumwa katika makoloni yake ilitenga pauni milioni 20 kwa ajili ya wenye watumwa. Watumwa wenyewe, wapatao 800,000, hawakupata hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao hadi mwaka 1838. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na deni lake lilimalizwa kulipwa mwaka 2015.

Ndugu wananchi,

Huenda mtu akauliza: mambo ya Unguja na Pemba yanaihusu nini Buzuruga? Yanaihusu sana. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ilifika hadi ufukwe huu wa Ziwa. Speke aliifuata mwaka 1858 alipofika Mwanza, naye Stanley alifika Kageyi mwaka 1875. Njia iliyopitisha pembe za ndovu, nguo na shanga ndiyo iliyopitisha watu. Miongoni mwa waliochuma karafuu visiwani walikuwamo waliozaliwa katika nchi za maziwa. Jamaa waliowapoteza hawakuitwa mbele ya mahakama yoyote kuulizwa hasara yao.

Huku Bara, Wajerumani walifuata njia nyengine. Serikali ya Ujerumani haikutaka kubeba gharama ya fidia, na kwa hiyo haikuufuta utumwa. Kwa amri ya mwaka 1901 mtumwa aliruhusiwa kujinunua, na bwana alitakiwa ampe siku mbili katika wiki ajifanyie kazi zake. Amri ya mwaka 1904 ikasema kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Disemba, 1905 watakuwa huru. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa na sheria ya Waingereza ya mwaka 1922.

Ukizitizama njia hizi mbili, utaona kuwa zinakutana mahali pamoja. Visiwani, bwana alilipwa na hazina. Bara, bwana alilipwa na mtumwa mwenyewe, kwa jasho la siku zake mbili. Hakuna pahala ambapo mtumwa alilipwa kwa miaka yake, kwa watoto wake waliouzwa, wala kwa nyumba aliyotolewa.

Mafunzo kwa watumishi wa Serikali ni mawili. Kwanza, daftari la fidia humwona yule tu aliyeandikiwa safu yake. Mpangaji, kibarua, mjane asiye na hati, na mlimaji wa shamba la mwenziwe, wote huumia mradi unapopita, na wote wanaweza kukosekana katika daftari. Afisa anayetayarisha orodha hana budi kuuliza suali la pili: nani mwengine ameumia, ambaye hana karatasi ya kuonyesha?

Pili, kumbukumbu zitunzwe. Leo yanajulikana masharti ya mwaka 1897 kwa sababu yaliandikwa na kuhifadhiwa. Machungu ya walioachwa huru hayakuandikwa ila kwa uchache. Wazee wenye habari za babu zao, wawe wa Buzuruga, Ukerewe, Unguja au Pemba, waulizwe wangali hai, na maneno yao yaandikwe.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1897 haki ya mnyonge ilihesabiwa, kisha akakabidhiwa aliyemmiliki. Ni wajibu wa kila mtumishi mwenye kalamu mkononi kuhakikisha kuwa hesabu ya namna hiyo hairudiwi.