UNGUJA MJINI: MANENO KWA VIJANA WAENDAO KUSOMA
Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Chienge



Kijana atokaye ukingoni mwa Ziwa Mweru kwenda kusoma Unguja huulizwa na jamaa zake maswali mawili: atalala wapi, na atakula nini? Hayo ni maswali mema. Walakini lipo la tatu lipasalo kuyatangulia, nalo ni hili: mji ule na nchi hii vimejuana tangu lini, na kwa lipi? Ajuaye jawabu lake haendi kama mtu aliyepotea njia.

Mji wa Unguja umejengwa kwenye rasi ya Shangani, upande wa magharibi wa kisiwa, nao ni mtoto wa bandari yake. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja kwa upepo wa kaskazi, yakangoja kusi livume ndipo yarejee makwao. Katika kungoja huko watu walioa, wakajenga, wakafundishana. Kwa hiyo mgeni huona nyumba ndefu za mawe, milango ya nakshi, vichochoro visivyopisha gari, na mbele ya nyumba baraza za mawe ambapo watu hukaa jioni wakizungumza. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Elimu nayo ina makao yake pale. Sheikh Abdulla Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisomesha katika mtaa wa Ukutani. Na Sayyid Ahmad bin Sumait alikuwa kadhi mwenye sifa kubwa. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na wanafunzi wao wakaendelea kusomesha. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912, aliifasiri Kurani nzima kwa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1969. Kadhalika pana Chuo Kikuu cha Zanzibar, huko Tunguu, kilichoanza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999.

Huo ni upande mmoja wa mji. Upande wa pili waanzia huku ziwani.

Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Unguja, yule aliyeitwa Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, akamshinda na kutwaa pembe nyingi za ndovu. Mwaka huohuo, tarehe 8 Novemba, Livingstone, ambaye mwaka 1866 alikuwa amepewa nyumba ya kukaa Unguja, alifika katika ziwa hili. Kwa Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Baadaye Abdullah bin Suleiman alijenga makazi kaskazini mwa ziwa. Na mwaka 1891 Waingereza waliweka kituo chao Chienge, ili waitie mkononi biashara ya upande huu.

Biashara hiyo haikuwa ya pembe peke yake. Ilikuwa pia ya watu. Wengi walitekwa katika nchi hizi za bara, wakatembezwa mpaka pwani, na waliosalimika wakavushwa bahari wakauzwa katika soko la Mkunazini. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba kwa kulazimishwa na Waingereza. Na hata baada ya hapo utumwa wenyewe ulikuwa bado na uhai.

Wako wasemao kuwa jambo hili lisitajwe mbele ya vijana, kwa sababu baadhi ya waliolifanya walikuwa Waislamu. Kauli hiyo haina nguvu. Dini imefanya kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Na Mtume amefundisha kwamba mwenye kumwuza mtu huru na kula thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu yake siku ya Kiyama. Waliowavamia watu makwao na kuwatia minyororo walitenda dhambi, na dhambi ni ya mtendaji. Aibu ya dini ni pale waja wake wanapoificha dhuluma, kisha kijana akaja kuisikia kwa mtu mwingine, akadhani kuwa dini ndiyo iliyoamrisha.

Basi mwanafunzi akifika, na aende kwanza Mkunazini. Patakapokuwa soko atalikuta kanisa, na kando yake sanamu za watumwa ndani ya shimo, shingoni wana minyororo. Asimame, anyamaze, awakumbuke waliotoka huku wasirudi. Kisha aende Ukutani kulikosomeshwa elimu. Aendaye mahali pamoja tu ameuona nusu mji.

Yabaki mambo ya adabu. Salamu kwanza, swali baadaye: mwenye kupotea vichochoroni awasalimu wakaao barazani, kisha aulize njia. Mkubwa huamkiwa shikamoo, na mlangoni hupigwa hodi. Mavazi yawe ya heshima. Pasi ya safari isiachwe Dar es Salaam, kwa maana mgeni huulizwa tena akishuka bandarini Unguja.

Na ulimi wake usimtie haya. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa shauri la mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Naye kijana wa Mweru amezoea kusikia kile cha Katanga, kisemacho “kuya” mahali pa “kuja”. Ajifunze kwa wenyeji bila kukidharau cha kwao, kwani njia iliyoleta Kiswahili bara ni ileile waliyopitishwa wenye minyororo.

Wazee wa zamani waliipita njia hiyo bila hiari. Kijana wa leo anaipita kwa barua ya chuo na dua ya mama yake, na tikiti ya kurudi. Arudi na elimu, asirudi na kiburi.

Wabillahi taufiki.