Huyu Mutoto Anaenda na Nani?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanamemba, Baraka



Wengi wetu hapa tulivuka ziwa tukitoka kambi za Tanzania, Lugufu ao Nyarugusu, pamoja na watoto waliozaliwa kule. Mtoto kama huyo akiambiwa na mtu, "Mimi ni ndugu ya baba yako, tuko ukoo moja," atajibu nini? Wanaouza watu waliliona hilo mbele yetu sisi wa mashirika.

Kuna mama wa kwetu alikuja kwetu akilia. Binti yake wa miaka 15 alichukuliwa na mwanamke aliyejiita shangazi, ati aende kufanya kazi ya malewa kule Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Mshahara ulitajwa, nauli ya pikipiki ikatolewa, hata kitenge cha mama. Kumbe nauli na kitenge viliandikwa kuwa deni la mtoto. Alirudi baada ya miezi nane bila hata falanga moja. Mengine aliyotendewa hatutayasema hapa. Na sisi tulikuwa tumeshapita katika kijiji hicho na semina na mabango yetu! Mabango hayakumuuliza yule mwanamke kitu.

Njo tukaenda kwa wazee, pale lubunga, mahali Wabembe wanapokaa kusikiliza mambo. Mzee mmoja alitucheka. "Mtu akitaka kuoa binti, tunamukalisha hapa. Tunauliza baba yake ni nani, wajomba wako wapi, nani atasimama mambo yakiharibika. Sasa huyu anayekuja kumubeba kwa kazi, mbona anapita tu kama upepo?" Hatukuwa na jibu.

Sasa, penye wazee waliokubali, anayetaka kuchukua mtoto analetwa kwanza lubunga. Anataja ukoo wake mpaka babu, anataja mwenye kazi, na telefone inapigwa palepale. Mtu wa kijiji anasimama kama mdhamini, vile tunavyofanya kwa mali ya ndoa. Wengine wakisikia tu kwamba wataitwa, wanaondoka usiku.

Lakini tusidanganyane. Lubunga ya zamani ilikuwa ya wanaume. Msichana aliongelewa, hakuongea. Na desturi yetu ya kumpa ndugu mtoto amlee, desturi nzuri kabisa, ndiyo mlango alioingilia huyo "shangazi". Tukaomba wamama wakae ndani, na mtoto aulizwe pembeni na mama anayemwamini, mbele ya neno la mwisho. Hapo kelele zilikuwa nyingi. Kijiji kimoja walituambia tunaleta mambo ya kambi. Tunaendelea kurudi kwao, polepole.

Jambo lingine: mtoto akishauzwa, lubunga haimalizi neno hilo kwa mbuzi na pombe. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Majina yanaandikwa, yanaenda kwa chefu na polisi.

Wafadhili wetu, safari hii hatuombi mabango. Tunaomba madaftari, unite za telefone, na pikipiki ya kufika Misisi. Yule binti alitupa majina ya wenzake wanne aliowaacha kule.