Hofu Haiponywi kwa Kukemewa: Mafunzo Kutoka Fukushima

(Hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika mkutano wetu wa robo mwaka. Imefupishwa kidogo ili ienee katika kurasa hizi.)



Nimeombwa nizungumzie swali lililotufikia kutoka parokia zaidi ya moja: watu wanapoogopa umeme wa nyuklia, sisi tuwajibu nini?

Swali hili lina sababu. Tangu mwaka 2010 Serikali ya Kenya imekuwa ikifanya matayarisho ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga kituo hicho kujengwa kwao. Mwaka 2025 viongozi wakaanza kuitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Na kila mjadala huu unapofika, jina moja hutajwa mapema: Fukushima.

Sikusimama hapa kuwaambia kwamba nyuklia ni nzuri au ni mbaya. Hilo litaamuliwa na wananchi na serikali yao. Nataka tuangalie hofu yenyewe: ilitoka wapi, ni nini kiliikuza, na ni nini kiliipunguza. Kamati isiyojua hayo itawakemea watu au itawatia hofu zaidi, na yote mawili yana madhara.

Kilichotokea Machi 2011

Tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana kwa saa za Japani, tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 lilitikisa pwani ya kaskazini mashariki ya nchi hiyo. Kituo cha Fukushima Daiichi kilikuwa na vinu sita. Vitatu vilikuwa vikifanya kazi, na vyote vitatu vilijizima vyenyewe kama ilivyopangwa.

Wengi wetu tungedhani hatari imekwisha. Lakini kinu cha nyuklia kikizimwa hakipoi papo hapo. Ni kama makaa yaliyofunikwa majivu: moto huuoni, ila joto linaendelea kutoka ndani. Joto hilo lazima liondolewe kwa maji, siku baada ya siku, na pampu za maji zinahitaji umeme.

Tetemeko lilikuwa limekata umeme uliotoka nje ya kituo. Jenereta za dizeli zikawaka, na kwa muda mfupi mambo yakaenda sawa. Kabla saa moja haijapita, mawimbi ya tsunami ya mita 14 hivi yakakifikia kituo kilichotayarishwa kwa wimbi lisilozidi mita 5.7. Jenereta nyingi zilikuwa katika vyumba vya chini, nazo zikafurika. Maji ya kupozea yakakosekana, fueli ya vinu vitatu ikayeyuka, na gesi ya haidrojeni ikalipua majengo tarehe 12, 14 na 15. Zaidi ya watu 150,000 waliacha makazi yao.

Yafuatayo ndiyo yaliyowauma watu kuliko yote. Mwaka 2008 mahesabu yaliyofanywa kwa ajili ya kampuni yenye kituo, TEPCO, yalionyesha kwamba tsunami ya hadi mita 15.7 inaweza kufika hapo. Ukuta haukuinuliwa, wala jenereta hazikuhamishwa. Mwezi Julai 2012 tume huru iliyoundwa na Bunge la Japani, chini ya Profesa Kiyoshi Kurokawa, ilisema kwamba ajali ile ilisababishwa na binadamu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale hata ufa ulikuwa umeshaonekana.

Bahari ileile, siku ileile

Kaskazini ya Fukushima kuna kituo kingine, Onagawa, ambacho kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko. Wimbi lililokifikia lilikuwa na kimo cha mita 13 hivi. Lakini kituo hicho kilijengwa mita 14.8 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu mhandisi Yanosuke Hirai alisisitiza kwamba historia ya tsunami za pwani ile isipuuzwe. Vinu vyake vilizimika salama.

Majirani waliopoteza nyumba zao walifanya nini? Zaidi ya 300 walikimbilia ndani ya kituo hicho cha nyuklia, wakapewa hifadhi katika ukumbi wake wa michezo kwa majuma kadhaa.

Naomba tulitafakari jambo hili. Watu wa pwani moja, waliopigwa na bahari moja, siku moja, walikimbia kituo kimoja na kukimbilia kingine. Hawakuwa wamesoma fizikia zaidi ya wenzao wa Fukushima. Waliona mahali palipotayarishwa, na mlango uliofunguliwa.

Hofu ina gharama zake

Tuwe wakweli pia kwa upande wa pili. Tetemeko na tsunami vilichukua watu wapatao 18,000, waliokufa au kupotea. Mionzi ya Fukushima haikuua kwa kiasi hicho. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, katika ripoti iliyotolewa mwaka 2021, ilisema haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi wa Fukushima yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi ya ajali ile. Mwaka 2018 serikali ya Japani ilikubali kwamba kifo cha mfanyakazi mmoja wa kituo, aliyeugua saratani ya mapafu, kilihusiana na mionzi.

Lakini katika mkoa wa Fukushima watu zaidi ya 2,300 wamehesabiwa kuwa walikufa kutokana na misukosuko iliyofuata maafa: kuhamishwa, kukosa matibabu, kuishi katika makazi ya muda, na kukata tamaa. Wengi wao walikuwa wazee. Katika mji wa Okuma, wagonjwa wa hospitali moja na wazee wa kituo cha jirani walihamishwa bila maandalizi, wengine kwa safari ndefu za basi, na zaidi ya 40 walifariki.

Kwa hiyo anayesema "mionzi iliua maelfu Fukushima" anakosea. Na anayesema "hakuna aliyekufa, watu waliogopa bure" anakosea vibaya vilevile.

Nani aliwaambia ukweli?

Japani ilikuwa na mtambo wa kompyuta wa kukadiria upepo utapeleka mionzi upande gani. Makadirio yake hayakutangazwa kwa wananchi hadi tarehe 23 Machi. Wakati huo wakazi wengi wa mji wa Namie walikuwa wamekimbilia eneo la Tsushima, wakidhani wanakwenda mbali na hatari. Kumbe mionzi ilipelekwa upande uleule.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya hapo serikali ilipotangaza kwamba mchele, samaki au maji ni salama, wengi hawakuamini. Hata Agosti 2023, maji yaliyosafishwa yalipoanza kumwagwa baharini chini ya uangalizi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, wavuvi wa Fukushima walipinga. Waliogopa zaidi kwamba wanunuzi watayakataa mazao yao. Imani iliyovunjika kwa siku 12 ilikuwa bado haijaungwa baada ya miaka 12.

Je, kuna kilichosaidia? Kipo. Katika mji wa Iwaki, mwezi Novemba 2011, akina mama na wakazi wengine walifungua maabara yao iitwayo Tarachine, kwa msaada wa michango. Mzazi alileta mboga, mchele au udongo wa uwanja wa watoto, ukapimwa, akapewa jibu. Pengine jibu lilikuwa zuri, pengine baya. Vyovyote iwavyo, mama alirudi nyumbani akiwa na namba badala ya uvumi. Waliokuwa na hofu walipata kazi ya kufanya, na kazi hiyo iliwasaidia jirani zao.

Wavuvi wa Idinthakarai

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Bahari yetu ya Hindi. Kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kijiji cha wavuvi cha Idinthakarai kiko jirani na kituo cha nyuklia cha Kudankulam. Pwani hiyo ilipigwa na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, ileile iliyoua watu hadi Somalia, Tanzania na Kenya. Baada ya kuona picha za Fukushima, maelfu ya wanakijiji walikusanyika kwa miezi mingi katika uwanja wa kanisa lao Katoliki wakikataa kituo kisiwashwe.

Wataalamu waliletwa kusema kwamba ni salama. Maelfu ya watu wakafunguliwa mashtaka, wengine ya uchochezi dhidi ya serikali. Mwezi Mei 2013 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu kituo kiendelee, lakini ikatoa maagizo 15 ambayo yalihusu usalama. Mwaka huohuo umeme wa kwanza ukatoka. Kituo kilipata kibali, lakini kesi za polisi hazikumfanya mvuvi aliyeona bahari ikiingia nyumbani kwake alale usingizi.

Kazi yetu sisi

Ndugu wajumbe, nina mambo matatu ya kuwaomba.

Mosi, msikilize na kuandika. Mtu akiuliza, "Bahari ikija itakuwaje?" au "Takataka za nyuklia zitazikwa wapi?" msimwambie aache ujinga. Andikeni swali kama alivyolisema, lipelekeni kwa maandishi kwa wanaohusika, na jibu likija lisomwe mbele ya watu kwa lugha wanayoielewa. Lisipokuja, hilo nalo lisemwe.

Pili, msiongeze chumvi. Picha za kutisha zinazosambazwa kwenye simu haziwalindi watoto wetu. Kamati inayosema uwongo kwa nia njema itakuja kusema kweli siku ya hatari, na hakuna atakayeisikia.

Tatu, jueni walio dhaifu. Nani hawezi kutembea? Nani anatumia dawa kila siku? Nani anaishi peke yake? Wazee wa Okuma wanatufundisha kwamba kuhamisha watu bila orodha na bila mpango kunaweza kuua. Orodha hiyo itafaa hata kama kituo cha nyuklia hakitajengwa kamwe, kwa sababu mafuriko hayangoji mjadala wa bunge.

Kwa wafadhili wetu, nawashukuru kwa visima, zahanati na madarasa. Leo naomba mfikirie vitu visivyoweza kupigwa picha nzuri: nauli ya kumleta mtaalamu asiyelipwa na upande wowote, kutafsiri ripoti ya mazingira kwa Kigiriama au Dholuo, vifaa vya kupimia maji na hewa vinavyoshikwa na wananchi wenyewe, na siku mbili za mazoezi ya kuhama. Havitaandikwa jina la mfadhili ukutani. Lakini maabara ya Iwaki ilianza kwa michango ya namna hiyo.

Nimalizie kwa kusema hivi. Hofu ya watu ni swali, nalo linauliza: mkijua jambo baya, mtatuambia mapema? Ukuta wa Fukushima ulikuwa mfupi, na ukweli uliosemwa ulikuwa mfupi pia. Ukuta ni kazi ya wahandisi. Huo ukweli mwingine unaweza kuanzia katika kikao chenu cha mwezi ujao, mtu wa kwanza atakaposimama kuuliza na mwandishi wa kamati akachukua kalamu.