Ramani ya udongo, kamba ya miaka na wino wa mzingefuri

Maneno yaliyotolewa mbele ya walimu na wazazi wa shule za msingi za Kasongo na Kabambare

Wengine mmetoka Kabambare kwa pikipiki, na njia ile mnaijua kuliko mimi. Sitaongeza urefu wa maneno juu ya urefu wa safari.

Tumeombwa kuzungumza juu ya historia, jiografia, uraia na kuchora kwa watoto wa shule ya msingi. Kabla ya kikao mwalimu mmoja aliniuliza: "Kuchora na amani vinahusiana namna gani? Mimi nina watoto wengi, ubao mmoja, na chaki za kuhesabu." Swali hilo ni la haki. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa. Na tangu mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika upande wa Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, watoto wa familia zilizokimbia wanakaa benchi moja na watoto wa wenyeji. Baba wa huyu alikuwa upande mmoja, mjomba wa yule alikuwa upande mwingine. Watoto wanajua, hata kama sisi tunanyamaza.

Basi angalieni somo la kukariri. Mwalimu anasema, watoto wanarudia kwa sauti moja, kengele inalia, kila mmoja anatoka na wenzake wa mtaa wake. Mtoto anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusema neno na jirani yake wa benchi. Kazi ya mikono hairuhusu hivyo. Huyu anashika kamba, yule anafunga fundo. Huyu anachota maji, yule anakanda udongo. Wasiposemezana kazi haiendi. Ndiyo jibu langu kwa mwalimu yule, na sasa nieleze kazi zenyewe.

Ya kwanza ni ramani ya udongo. Mnatoka nje, chini ya mwembe, watoto wanachora kijiji ardhini: shule, kisima, soko, msikiti, kanisa, kituo cha afya, njia ya kwenda mtoni. Nyumba ni vipande vya udongo, miti ni vijiti, mto ni majivu. Walio karibu na Luama wanaufuata mto wao hadi unapoingia Lualaba, na hapo jiografia imeanza bila kitabu. Halafu mwalimu anauliza: nani anapita wapi kwenda kuchota maji? Wapi unaogopa kupita? Msishangae mkikuta kwamba mtoto mkimbizi anazunguka mbali ili asipite uwanja fulani. Jambo hilo hakuna mtu mzima aliyekuwa analijua, na mara nyingi dawa yake ni ndogo: watoto wa mtaa ule wanaanza kumsindikiza.

Lakini hapa nasema kwa nguvu: ramani ya watoto haina mipaka ya mashamba. Haina mpaka wa kijiji na kijiji, wala wa ukoo na ukoo. Ninyi mnajua ni vifo vingapi vimetoka katika mpaka wa shamba. Mtoto akichora mstari na kusema "hapa ni kwetu, pale ni kwao", jioni maneno yamefika nyumbani, na kesho mzee anakuja shuleni na panga kuuliza nani amegawa ardhi yake. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mwalimu aende kwa mkubwa wa kijiji, amweleze kwamba ni ramani ya njia na maji tu, na amwalike aje kuiona. Wakubwa wengi wanapenda kuja. Wengine wanakaa chini na kuwasahihisha watoto mahali pa chemchemi ya zamani.

Ya pili ni kamba ya miaka. Kamba ndefu inatandazwa uani, na kila mwaka mkubwa ni fundo. Watoto wanaanza na fundo la kuzaliwa kwao, kisha la wazazi wao, kisha wanarudi nyumbani kumwuliza babu na bibi: ulizaliwa wakati gani, kulikuwa na nini? Majibu yanakuja bila tarehe: "wakati wa Simba", "mwaka wa uhuru", "wakati Mobutu alipoondoka". Kazi ya darasa ni kutafuta fundo: uhuru 1960, uasi wa Simba 1964, Mobutu 1997, vita ya pili 1998, serikali ya mpito 2003. Hapo mtoto wa Kabambare na mtoto wa Kasongo wanagundua kwamba bibi zao walikimbilia msituni mwaka mmoja. Somo hilo hakuna anayelihubiri. Liko kwenye kamba.

Tukirudi nyuma zaidi, kamba yetu inafika mahali pazito, na sisi watu wa hapa hatuwezi kuparuka. Mji wetu ulikuwa makao ya Tippu Tip na wafanyabiashara wa pembe na watumwa, hadi majeshi ya Leopold, chini ya Dhanis, yalipoutwaa mwezi wa nne 1893. Na Nyangwe, ambayo wengi wenu mnapita mkienda mtoni, ilikuwa na soko kubwa. Watu walivuka Lualaba kwa mitumbwi na samaki, wakabadilishana na watu wa nchi kavu walioleta unga, mafuta na vyungu. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wenye bunduki walifyatua risasi sokoni, na wengine wakazama mtoni wakikimbia. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Wengi walikuwa wanawake.

Nawashauri hivi, na mwaweza kunipinga. Darasa la kwanza na la pili wacheze soko tu: hawa wavuvi, hawa wakulima, vyungu vya udongo, mawe kuwa samaki, bei wapatane wenyewe. Siku ya pili wabadilishane, mvuvi awe mkulima. Habari ya mauaji ingoje darasa la tano na la sita. Na ikitajwa, mwalimu asiseme "Waarabu walifanya" au "ukoo fulani ulifanya". Aseme nani alikuwa na bunduki, nani alikuwa anauza nini, na nani alifaidika. Katika chumba hiki kuna wajukuu wa waliokamatwa na wajukuu wa waliokamata, na nafikiri wengi wetu ni wajukuu wa wote wawili.

Habari ya Nyangwe inatuletea kazi ya tatu, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Aliyeandika habari ya siku ile ni David Livingstone, Mskoti aliyekaa Kabambare kwa miezi mingi akiwa mgonjwa, kisha akafika Nyangwe. Karatasi zilimwishia, na wino pia. Akaandika juu ya gazeti la zamani, akipitisha maneno yake juu ya maandishi yaliyochapishwa, kwa wino mwekundu aliotengeneza kwa mbegu za mzingefuri. Wino ule ulififia hata maneno hayakusomeka, mpaka wataalamu walipoyasoma kwa kupiga picha za mwanga wa rangi mbalimbali, na kuyatangaza mwaka 2011. (Mwalimu anayelalamika kwamba hana vifaa akumbuke gazeti lile.)

Sisi tunafanya vile vile. Mbegu za mzingefuri zinapondwa na maji kidogo: nyekundu. Makaa yaliyosagwa: nyeusi. Udongo mweupe, udongo mwekundu, majani ya muhogo kwa kijani. Uji mzito wa unga wa muhogo unashika rangi kwenye karatasi, na unatumika pia kubandika. Kalamu ni kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi ni mfuko wa simenti uliopanguswa. Hakuna franka hata moja iliyotumika. Jambo moja tu: rangi ya mzingefuri haitoki kwenye nguo, kwa hiyo wambieni wazazi mapema, la sivyo mtapatana na mama zao.

Na watoto wachore nini? Msiwaambie "chora vita". Hiyo kazi ni ya wenye ujuzi wa kutibu huzuni, na shuleni inaweza kufungua kidonda ambacho hakuna wa kukifunga. Waambieni: chora njia yako ya kuja shule, chora kazi ya mama, chora chakula cha siku ya mavuno ya mpunga. Bunduki itatokea tu kwa baadhi yao. Ikitokea, usimgombeze mtoto, usiinyanyue picha mbele ya wengine, usiulize "ulimwona nani". Mwambie asante, uiweke pamoja na nyingine, na baadaye mtafute peke yake umwulize kama analala vizuri. Picha yenye jina la mtu au ya kambi isitundikwe ukutani kabisa. Kuna watu wanaopita shuleni na kuangalia kuta.

Wengine mtasema inspekta atauliza kwa nini watoto wako nje na wanasema Kiswahili. Mwonyesheni sheria ya elimu ya mwaka 2014, inayokubali lugha zetu za taifa zitumike kufundishia. Mwonyesheni pia daftari la maandalizi: ramani iandikwe chini ya jiografia, kamba chini ya historia, soko chini ya hesabu. Vyote vimo katika programu.

Maswali tutayachukua huko nje, kwa sababu kuna ndoo mbili za udongo na mbegu zimeshapondwa. Kila kundi liwe na watu wa Kasongo na wa Kabambare, na mkubwa wa kundi achaguliwe na walio wadogo.