Muhogo Huozea Mzizini, Ugonjwa Huingilia kwenye Pingili

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya shamba mbele ya mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ili na wale waliokosa mkutano wayasome.)



Leo sikuja na maneno mengi. Nimekuja na shina moja la muhogo na kisu. Walio nyuma wasogee waone.

Nianze na kosa langu. Pingili tulizogawana msimu uliopita nilizikata mimi. Nilitazama majani ya juu, nikayaona mabichi, nikasema mbegu ni safi. Wakati wa kuvuna kila mtu aliona mwenyewe: ukimenya muhogo, ndani una madoa ya kahawia, makavu na magumu. Haupikiki, wala haufai kwa makopa. Wengine wakasema udongo umechoka, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Jamani, si udongo wala si mkono wa mtu. Ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Si mgeni pia. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, waliuandika tangu mwaka 1936.

Sasa tazameni, nakata shina. Nje kuna gome. Chini ya gome kuna utando laini wenye majimaji: hiyo ndiyo njia ya chakula kinachotengenezwa na majani, kikishuka kwenda mizizini. Ndani yake kuna mti mgumu: hapo maji hupanda kutoka mizizini. Katikati kabisa ni kiini laini kama sufi.

Vyote hivyo vimejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Seli ni ndogo mno, huonekana kwa hadubini tu. Lakini tofali hili ni hai, na lina vitundu vya kupitishiana vitu na jirani yake. Virusi vya ugonjwa huu hukaa ndani ya seli. Hupita kitundu hadi kitundu, vikifika kwenye njia ya chakula vinashuka nacho mpaka mzizini. Ndiyo maana hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya mmea. Adui yumo chumbani, si uani.

Tuje kwenye muhogo wenyewe. Huu tunaokula ni mzizi ulionenepa, na seli zake zimejaa wanga. Ule uzi mgumu wa katikati tunaoutupa ni sehemu ya njia ya maji. Mzizi huu hauna macho. Kiazi mviringo kina macho kwa sababu chenyewe ni shina lililokaa ardhini, ukikipanda kinaota. Mzizi wa muhogo ukiuzika peke yake hauoti. Kwa hiyo tunapanda shina, na kila jicho la pingili ni chipukizi lililolala. Mmea unaoota pale ni mwili uleule wa mama yake. Mama akiwa mgonjwa, tumepanda ugonjwa kwa mkono wetu wenyewe.

Mama mmoja ameniuliza: mbona majani ya juu yalikuwa mazuri? Swali zuri. Batobato huonekana kwenye majani machanga, lakini huu hujionyesha kwenye majani ya chini, yaliyokomaa. Unjano hufuata mishipa ya jani, nasi tunasema jani limezeeka. Mara nyingine shina nalo huwa na michirizi ya kahawia.

Mzee mmoja naye akauliza: nani anausambaza? Wapo inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani, wao huupeleka shamba la karibu. Anayeupeleka mbali ni mtu na mzigo wake wa pingili.

Basi, ombi langu kwenu ni hili:

1. Asichukue mtu pingili kabla ya kuchimba mizizi ya mmea ule ule na kuikata vipande vipande. Usikate mmoja ukaridhika; mmoja huweza kuwa mzima na mwenziwe umeoza.
2. Mmea ukionekana na ugonjwa, ung'olewe na kuchomwa moto, shina lake asipewe mtu.
3. Pingili iwe na macho matano hadi saba, itoke sehemu ya katikati ya shina lililokomaa.
4. Pingili za kijiji kingine zisiingie kabla kamati haijakagua shamba zilikotoka.

Najua mtasema kuchimba ni kupoteza chakula. Hapana. Muhogo mzima tutakula siku hiyo hiyo. Uliooza ulikuwa umekwisha kupotea, tulikuwa hatujaujua tu.

Jumamosi asubuhi tukutane shamba la mbegu. Kila mtu na jembe lake na kisu. Safari hii nitakata mizizi mbele yenu, msiniamini kwa maneno.