Maelezo ya komite juu ya laptopu ya shirika na michango iliyoandikwa pasipo pake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Kingi)



Kwenye mkutano uliopita mzee mmoja alisimama akauliza: ginsi gani mama mjane aliyetoa mchango wake mbele ya watu wote, kwenye listi yuko na sifuri, na jirani yake ambaye hakutoa kitu iko pesa kwenye mstari wake? Watu wakanyamaza kidogo. Kiisha sauti zikaanza huko nyuma: komite imekula. Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tuko nalo, na halitupendezi sana sisi wenyewe, maana kosa lilianzia kwenye mashini lakini likaendelea kwa uzembe wetu.

Munajua tulirudi na nini. Sisi tuliotoka Bulengo, Rusayo na Lushagala mwezi wa pili 2025 tulifika na shitingi, sufuria na watoto. Laptopu ile tuliinunua baadaye huko Goma, ikiwa imekwisha kutumika na wengine. Ndani yake mna listi ya familia, michango ya kila mwezi, mikopo ya mbegu za viazi na maharagi, na ripoti za wafadhili. Ikiharibika, shirika linabaki bila kumbukumbu.

Tatizo lilianza polepole. Chini ya vitufe vya kuandikia iko ile sahani laini ya kupitisha kidole, vijana wanaiita tachipadi. Ndiyo inayosukuma mshale kwenye kioo. Katibu wetu alipokuwa akiandika, mshale uliruka wenyewe: alikuwa kwenye mstari wa huyu, namba ikaingia kwa yule. Mara nyingine alibonyeza, haikuitika. Mara nyingine ilibonyeza peke yake. Alituambia. Sisi tukamwambia apige pole pole, itatulia. Huo ndio uzembe tunaousema.

Baada ya mkutano tuliketi na ile mashini siku nzima. Kijana mmoja anayejua mambo hayo akasema ni virusi, tufute vyote tuanze upya. Tulikataa, na tunashukuru Mungu tulikataa, kwa sababu listi zote zingekwenda na hivyo virusi ambavyo havikuwako.

Tulianza na mambo ya bure. Kwenye laptopu nyingi, katika ule mstari wa juu wa vitufe iko kimoja chenye picha ya kisahani kidogo. Ukikibonyeza, mara nyingi pamoja na kile kilichoandikwa Fn, unazima tachipadi au unaiwasha. Mtu anaweza kukigusa bila kujua, akaenda kulipa fundi kwa kitu cha sekunde moja. Kwetu haikuwa hiyo. Tukaizima na kuiwasha mashini, tukapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, tukanawa mikono na kuikausha vizuri. Tachipadi inasikia ginsi kidole kinavyobadilisha umeme mdogo sana ulio kwenye sahani yake, kwa hiyo jasho, maji na mafuta ya sambusa vinaidanganya.

Halafu tukachomoa sharjeri. Hapo mshale ukatulia kidogo! Tulidhani tumepata. Kwetu kuranti inatoka kwenye pano za jua au jenereta, bila waya wa kwenda ardhini, na sharjeri mbovu inapitisha umeme wenye fujo mpaka kwenye bati la mashini. Tachipadi inaona vidole ambavyo haviko. Ukiona mshale wako unarukaruka wakati wa kuchaji tu, anza na sharjeri. Lakini yetu, hata bila sharjeri, baada ya nusu saa ilianza tena.

Aliyeona shida yenyewe ni mama mmoja wa komite ambaye hajawahi kushika laptopu. Alikuwa anapanga vikombe vya chai mezani. Akasema: mbona hii kitu inacheza kama kiti cha mguu mfupi? Tukainama. Kweli, tumbo la mashini lilikuwa limefura, na tachipadi imenyanyuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria. Batri ilikuwa imevimba.

Hapa mutusikilize vizuri, kwa sababu simu zenu zina batri za namna hiyo hiyo. Batri ya lithiamu ikizeeka, ikipata joto jingi, au ikiachwa imejaa kwenye sharjeri siku nzima, inaweza kutengeneza hewa ndani na kufura. Yetu ilikaa chini ya bati lenye jua kali na ilichajiwa toka asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa inasukuma tachipadi kutoka chini, ndiyo maana ilibonyeza peke yake. Ukikuta imevimba, usiikandamize irudi, usiitoboe, usiitupe motoni. Inaweza kuwaka, na moto huo hauzimiki kirahisi. Ndani ya nyumba za mbao na shitingi, muwaze wenyewe.

Tulichomoa sharjeri, na kwa dakika chache tu katibu akatoa listi bila kugusa tachipadi: kitufe cha dirisha pamoja na E kufungua mafaili, mishale ya vitufe kutembea, Ctrl na C kukopi, Ctrl na V kuweka kwenye flashi. Kiisha tukaizima, tukaiweka nje kwenye mchanga mkavu, mbali na watoto. Siku ya kushuka Goma ilibebwa peke yake kwenye sanduku, si chini ya mizigo ya moto. Fundi aliitoa batri. Mashini ingali inafanya kazi kwa sharjeri peke yake, mchana, pano zinapokuwa na nguvu. Wingu likipita, inazimika, kwa hiyo katibu anahifadhi kila akimaliza mstari. Mshale anausukuma kwa suri ya waya.

Wafadhili wetu, hatuombi mashini mpya. Tunaomba batri moja inayofaa mashini hii na sharjeri nzuri.

Kuhusu pesa: tulilinganisha listi na kaye ya risiti, mstari kwa mstari. Familia tatu zilikuwa zimeandikwa vibaya, yule mama ni mmoja wao. Pesa yenyewe ilikuwa sandukuni, kamili. Mama, tunakuomba samahani mbele ya watu kama vile ulivyoaibishwa mbele ya watu. Katibu pia tunamuomba samahani, maana alisema mapema na sisi tukamuacha abebe lawama peke yake. Mzee aliyeuliza, hatukukasirikii. Ungenyamaza, leo batri ile ingekuwa bado iko mezani inachajiwa.

Toka sasa kila mchango unaandikwa kwanza kwenye kaye, aliyetoa anaweka sahihi au kidole, ndipo unaingia kwenye mashini. Kaye iko hapa mezani. Mupite mmoja mmoja kuangalia mstari wenu, waliotoka mbali watangulie, mvua inakuja.