Nauli Nafuu, Kampuni Yenye Madeni: Vikundi Vichague Nini?

(Mazungumzo na waweka hazina na viongozi wa jumuiya waliojiandikisha kwa hija ya Roma na Assisi)



Baba Paroko, wenyeviti, waweka hazina, akina mama na vijana, tumekutana kwa jambo moja tu. Mmeletewa bei mbili za tiketi. Kampuni ya kwanza inataka shilingi 92,000 kwa kila mtu, kwenda na kurudi, lakini pesa zote zilipwe mwezi huu wa Februari. Ya pili inataka 118,000. Tofauti ni 26,000 kwa kila mmoja, na kwa watu 24 hiyo ni 624,000. Hakuna mtu hapa wa kuziita pesa hizo kidogo. Kuna mama anayekamua ng'ombe wawili ambaye 26,000 kwake ni karo ya mtoto.

Lakini kampuni hiyo ya bei nafuu imesemwa sana. Wafanyakazi wanalalamika mishahara inachelewa, na safari mbili kwa siku zimefanywa moja. Ndiyo sababu wengine mmeuliza: je, tuchukue bei nzuri na kumwomba Mungu, au tulipe zaidi?

Kwanza tuondoe hofu moja. Kampuni kuwa na madeni hakumaanishi ndege itaanguka. Mambo ya usalama yana wakaguzi wake, na ndege isiyo na cheti hairuhusiwi kuruka. Hatari tunayoizungumzia leo ni ya pesa: kwamba mtafika uwanjani na kukuta dawati limefungwa, au habari itasomwa kwenye redio wiki tatu kabla ya safari.

Kila mwaka tunakwenda Namugongo kwa basi kwa ajili ya tarehe 3 Juni. Unalipa leo, unasafiri kesho. Basi likiharibika Bugiri, mnateremka, mnanung'unika, mnapanda jingine. Hasara ni ya siku moja. Ndege ni mambo mengine. Mnalipa Februari, mnasafiri Oktoba. Kwa miezi minane pesa zenu ziko kwa mwenye ndege, naye hakuwapa dhamana yoyote. Kwa lugha ya vikundi vyetu, huo ni mkopo. Mmemkopesha mtu ambaye hata SACCO yetu ingemkatalia, na mmemkopesha bila riba wala mdhamini.

Sasa kwa nini kampuni inayoyumba iuze rahisi, tena mapema hivyo? Mara nyingi ni kwa sababu inahitaji pesa leo. Ndege nyingi ni za kukodi na kodi hulipwa kwa dola. Mafuta hulipwa kabla hayajachomwa. Basi nauli ya Oktoba inanunua mafuta ya Februari, na ikifika Oktoba inabidi iuzwe nauli ya mwaka ujao. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka. Siku wateja wakipungua, au pesa zikikwama mahali, unakatika mara moja.

Tumeyaona hapa kwetu. Jetlink ilikuwa ikiruka Mombasa, Kisumu, Eldoret mpaka Juba. Novemba 2012 ilisimamisha safari. Ilieleza kwamba kiasi cha dola milioni 2 za mauzo yake zilikwama Sudan Kusini, ambako dola ziliadimika baada ya nchi hiyo kufunga visima vya mafuta Januari mwaka huo. Watu walikuwa wakinunua tiketi za Kisumu bila kujua kwamba safari yao inategemea visima vya mafuta vya Sudan Kusini! Kwa majirani zetu Tanzania, Fastjet ilisimamisha safari Desemba 2018, wakati watu wanajiandaa kwenda nyumbani kwa Krismasi. Na Jet Airways ya India, kampuni kubwa kabisa, iliacha kuruka Aprili 2019. Mahakama ya Juu ya huko iliamuru mali yake iuzwe Novemba 2024, zaidi ya miaka mitano baadaye.

Wengine mtasema, lakini sheria ipo, tutadai. Ni kweli ipo. Sheria yetu ya ufilisi ya mwaka 2015 imepanga foleni. Benki iliyoshikilia mali inachukua mali yake. Gharama za kufilisi zinatolewa, halafu mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa, halafu kodi ya serikali. Mwenye tiketi yuko nyuma ya hao wote, pamoja na aliyeuza soda na magazeti. Na mara nyingi hata ndege zenyewe si mali ya kampuni, mwenyewe anakuja kuzichukua. Hapo utagawana nini?

Pia msidhani bei kubwa peke yake ni dhamana. Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2 katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2016, na nauli zake hazikuwa za bure. Iliendelea kuruka kwa sababu serikali ina hisa kubwa ndani yake, na mwaka 2017 mabenki yaliyoidai yalikubali kugeuza madeni kuwa hisa. Novemba 2022 marubani wake waligoma na maelfu ya abiria wakakwama, lakini baada ya siku chache ndege ziliruka tena. Chukueni mfano wa huko huko tunakokwenda. Alitalia, ambayo Mababa Watakatifu walisafiri nayo miaka mingi, ilifunga Oktoba 2021. Serikali ya Italia ilitenga euro milioni 100 za kuwarudishia watu nauli. Kwa hiyo mkiangalia kampuni, ulizeni: ikianguka, nani yuko nyuma yake? Kampuni ya pili kwenye barua yenu ina mwenye nguvu nyuma yake. Ya kwanza hatukuona mtu.

Tuseme pia jambo ambalo halimo kwenye bei. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa kusuluhisha kikundi cha akina mama kilichonunua tiketi tisa za ndege kwa kampuni iliyofunga mwezi mmodi kabla ya safari. Pesa zilipotea, lakini hilo halikuwa kubwa kuliko yaliyofuata. Maneno yalianza kwamba mweka hazina alikula na ajenti. Risiti zilikuwepo, zote, tena zimepigwa muhuri. Hazikusaidia. Mama yule aliacha kuja kwenye jumuiya, na mradi wa kuku waliokuwa nao ukafa, kwa sababu hakuna aliyetaka tena kushika pesa za wenzake. Tulikaa nao vikao vitano. Ndiyo maana tunawaambia waweka hazina waliopo: uamuzi huu usiachiwe mtu mmoja. Uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na kila mwanachama aweke sahihi.

Maoni ya ofisi yetu basi ni haya. Kulipa kampuni ya kwanza pesa zote sasa, hapana. Mtu mwenye akiba nyingine anaweza kubahatisha nauli yake, hiyo ni haki yake. Pesa za kuchangishana ni pesa za mjane na za kijana wa boda boda, na hao hawana nauli ya pili.

Lakini si lazima mlipe hiyo ya pili leo pia. Kwa viza ya Italia mnapeleka oda ya nafasi kwenye ndege, na ni afadhali tiketi isilipwe mpaka viza itoke. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, yaani Aprili. Kundi la watu kumi na zaidi kwa kawaida hupewa masharti yake: mnaweka kiasi kidogo cha kushika nafasi, salio linalipwa wiki kadhaa kabla. Ombeni masharti hayo kwa maandishi. Wakati huo pesa zikae SACCO kwa jina la kikundi, sahihi tatu.

Kuhusu bima, kuna watu wamedanganyika. Ile bima inayotakiwa kwa viza, ya euro 30,000, ni ya ugonjwa na kurudishwa nyumbani. Usidhani itakulipa kampuni ya ndege ikifunga, mpaka usome imeandikwa hivyo. Ajenti naye, hata awe mwaminifu namna gani, akishapeleka pesa kwa kampuni hana cha kukurudishia. Njia iliyo nafuu kidogo ni kadi ya benki, kwa sababu benki inaweza kuombwa irudishe malipo ya huduma ambayo haikutolewa. M-Pesa ikishaenda, kuirudisha ni kazi.

Inabaki ile 26,000. Hatuwezi kusema tu "lipeni zaidi" halafu tuwaache wanyonge nyumbani. Kwa miezi minane hiyo ni 3,250 kwa mwezi. Kuna watakaoweza. Kwa wasioweza, Baba Paroko amekubali harambee moja baada ya Pasaka, na vijana wamesema watauza miche. Tunaomba kila jumuiya ituletee majina ya wenye shida kabla ya Jumapili ya Matawi, kwa siri, kwenye bahasha, bila kuyasoma kanisani.